Nyuma ya Pazia la Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Ni mimi niliyeandika jina la Pacha kwenye karatasi ya wanaotaka kuigiza. Mwenyewe hakujua. Niliandika lake, chini yake nikaandika langu, kwa penseli. Mara nikasikia viatu vya mwalimu wa fasihi. Nikafuta langu. Lake sikuwahi kulifuta.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza rafiki. Kwa kifutio.

Pacha si pacha wangu wa kuzaliwa. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakatuita Mapacha. Yeye jina limemganda, mimi likanibanduka. Siku hizi naitwa Kobe. Nikiulizwa swali, kichwa kinarudi ndani. Basi, Pacha amepewa kuwa mke wa Jemadari. Mimi nimepewa debe tupu la rangi la kukalia nyuma ya pazia la kushoto, tochi, na kitabu cha mchezo. Mwigizaji akisahau, nanong'ona. Mwalimu anasema ni kazi ya mtu mwenye roho tulivu. Roho yangu! Angeiona ilivyo ndani, angeita zimamoto.

Mchezo wenyewe ni wa zamani sana. Jemadari ni shujaa lakini hajui kusoma. Barua zake zote anasomewa na karani. Karani ana kijicho, anamsomea yasiyoandikwa: kwamba mke ana mtu mwingine. Jemadari anaamini kila neno, mke anafukuzwa. Kila siku nakaa pale gizani najiuliza, hivi mtu mzima na ndevu zake anakubalije kudanganywa kirahisi hivyo?

Jemadari ni Mlingoti. Mvulana mrefu, sauti ya radi, na kichwani hakukai mstari hata mmoja. Wiki jana nilimnong'oneza, akaligeukia pazia akauliza, "Eeh?" Mwalimu akashika kichwa. Sasa kuna sheria: neno likitoka kwenye pazia, liseme. Usiulize, usifikiri. Kufikiri, alimwambia, tuachie sisi.

Karani ni Cherehani. Msichana mgeni, amekuja muhula huu, anaongea bila kukata uzi. Leo mapumziko nimefika kwenye benchi letu, la mimi na Pacha, nikamkuta amekaa mahali pangu! Pacha anacheka mpaka kashika mbavu. Wakanisogezea nafasi. Nikasema nina kazi maktaba.

Maktaba ilikuwa imefungwa. Nimesimama mlangoni dakika ishirini nikisoma tangazo la kukataza kelele.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango: kuugua. Pacha hawezi kusikia naumwa akakaa. Asubuhi nikamwambia mama tumbo. Si uongo mzima, tumbo langu halijatulia tangu Agosti.

Saa kumi, hodi. Roho ikaruka. Pacha! Na nyuma yake, kama mkia, Cherehani.

Kamwamkia mama kwa adabu zote, kaingia jikoni bila kuonyeshwa, kaosha vikombe, kamsimulia jinsi Mlingoti alivyokanyaga joho lake akaanguka na upanga wa boksi. Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi chumbani peke yangu na blanketi hadi kidevuni, nasikiliza wageni wangu wakistarehe na mama yangu. Pacha alichungulia mara moja, akanigusa paji la uso, akasema mbona huna joto. Kisha akaitwa jikoni kusikiliza mwisho wa hadithi.

Walipoondoka mama akasema mtoto mchangamfu kama yule ni baraka nyumbani. Akanitazama. Hakumalizia. Afadhali angemalizia!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata mwalimu. Karani!

Nimesoma onyesho la pili mara sita. Karani hasemi uongo moja kwa moja. Anaanza, anasita. Anashusha pumzi. Anasema, "Aa, bwana wangu, tuyaache." Jemadari mwenyewe ndiye anayemwomba adanganywe. Ufundi!

Leo tukiwa tunapanga viti ukumbini nikajaribu. Nikamkaribia Pacha, nikasema kuhusu yule mwenzako mpya… Nikasita. Nikashusha pumzi. Nikasema aa, tuyaache.

Pacha akanitolea macho. Akauliza yapi? Nikasema basi tu, sipendi fitina, nikageuza uso kama Karani afanyavyo.

Pacha akapiga makofi! Akapiga ukelele! Akasema Kobe, umemweza Karani kuliko Karani mwenyewe, hebu rudia ile pumzi! Akamwita Cherehani, akamwita Mlingoti. Ikabidi nirudie ile pumzi mara tatu mbele ya watu, jasho likinitiririka mgongoni. Mlingoti akasema kobe katoa kichwa leo, mvua itanyesha.

Mbaya zaidi: Cherehani kanivuta pembeni, kaniomba nimfundishe. Anasema yeye anadanganya kwa kasi mno, Jemadari hapati hata nafasi ya kuamini. Macho yake yamejaa imani. Kwangu!

Nimekubali. Nina mpango.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango: kumfundisha vibaya. Nilimwambia Karani mzuri ni yule asiyesikika. Ongea polepole, nikamwambia. Chini kabisa. Nyamaza katikati ya sentensi, uhesabu mpaka tano. Usitikise mkono. Nilitaka watu wasinzie.

Mazoezi ya jioni. Cherehani akasimama wima kama mshumaa, akaongea kwa ile sauti ndogo. Akanyamaza, akahesabu. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Mlingoti alirudi nyuma hatua moja, na hilo halimo kitabuni, aliogopa kweli.

Mwalimu kavua miwani, kafuta. Kasema hatimaye tumepata mwongo wa kuaminika. Kamwuliza nani kakufundisha, na Cherehani kanyosha kidole kwenye pazia. Wakanipigia makofi. Mimi na debe langu.

Sijui kufanya hata ubaya.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimefanya jambo. Mwandiko umepinda, samahani daftari.

Cherehani alikaa nami kwenye ngazi za ukumbi, baada ya mazoezi. Kanieleza asichomweleza mtu. Baba yake ni fundi wa mitambo ya kuchimbia barabara, barabara ikiisha wanahama. Hii ni shule yake ya nne kwa miaka mitano. Kote huanza kwa kuongea sana, maana akinyamaza watu humsahau kabla hawajamjua. Kasema hapa, mara ya kwanza, amepata mtu wa kukaa naye benchi moja. Kasema nimekuambia wewe kwa sababu wewe hutoboi siri.

Kweli sikutoboa. Nilifanya kibaya kuliko hicho.

Njiani kurudi nyumbani, mimi na Pacha wawili tu, kama zamani, njia yetu ya nyuma ya gereji. Nilikuwa na furaha. Kisha akaanza: Cherehani hivi, Cherehani vile, Cherehani kasema. Sikusita, sikushusha pumzi. Nikasema Cherehani ameniambia yuko nawe kwa ajili ya mchezo tu. Mchezo ukiisha, atatafuta wengine. Ndivyo afanyavyo kila shule.

Pacha akasimama. Hakuuliza kama naigiza. Akasema, "Kama angenieleza mtu mwingine, ningebisha. Lakini wewe hujawahi kunidanganya."

Tukaendelea kutembea. Mafundi wa gereji walikuwa wanagongagonga bati. Nilitaka waendelee kugonga mpaka tufike.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeshinda. Benchi limerudi. Mimi kulia, Pacha kushoto, kama zamani.

Ila Pacha hali. Anavunja mkate vipande, anavipanga kwenye paja, anavitupia ndege. Nilimsimulia jambo la kuchekesha. Akasema mmh.

Na Cherehani amezimika. Tangu jana haongei. Hata Mlingoti kauliza kama anaumwa meno. Alinifuata nyuma ya pazia, akanishika mkono, akaniomba nimsaidie kujua amemkosea nini Pacha, maana mimi ndiye ninayemjua. Nikamwambia mpe muda. Akasema asante, Kobe, Mungu akubariki. Akubariki!

Onyesho ni keshokutwa. Pacha akifika kwenye maneno ya kumlaumu Karani hamtazami, anaitazama sakafu. Mwalimu anamwambia mwanangu, huyo karani hayuko sakafuni. Hali ikiwa hivi, mchezo utaanguka. Na ukianguka watatafuta sababu. Na sababu iko juu ya debe la rangi.

Kwa hiyo nimeshatengeneza. Nilitumia akili.

Niliandika barua bila jina. Kwa mkono wa kushoto. Na kwa lugha ile nyingine, ya masomo ya sayansi, ili mtindo wangu usijulikane. Niliandika: "Cherehani hakusema lolote baya juu yako. Anakupenda. Aliyekuambia amekudanganya. Rafiki wa kweli." Nikaitia kwenye begi la Pacha saa ya hesabu. Safi! Nikapumua mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Saa nane Pacha kanijia na barua. Kasema angalia, mtu kaniandikia kwa lugha hiyo inayonikimbia, na mwandiko kama wa kuku aliyelewa. Nisomee. Wewe ndiye kamusi yangu.

Jamani! Nilisahau! Miaka yote mimi ndiye ninayemsomea. Maswali ya fizikia, maelezo ya dawa za bibi yake, kila kitu. Nani mwingine angempelekea?

Nikaishika. Nikafika kwenye "aliyekuambia amekudanganya". Aliyemwambia ni nani? Ni mimi! Nilikuwa nimejishtaki mwenyewe kwa mkono wangu, tena wa kushoto. Pacha ananitazama mdomoni, anasubiri.

Nikasoma: "Nakutakia heri katika mchezo. Joho lako linakupendeza. Ni mimi, shabiki wako."

Pacha akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa siku mbili. Akaikunja, akaiweka mfukoni. Akaenda.

Na mimi nilikuwa nauliza mtu mzima anadanganywaje.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia chooni, watu bado wako uwanjani wanapiga picha. Sijui pa kutokea.

Ukumbi ulijaa. Mama safu ya pili, kilemba chake kipya. Onyesho la kwanza salama. La pili, Cherehani kadanganya kwa ile sauti ndogo, mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma kwamba usimsikilize huyo, Jemadari! Nikajisikia fahari. Mimi ndiye niliyefundisha.

La tatu. Jemadari anamfukuza mke. Karani anamkabidhi mke kifurushi chake cha nguo. Pacha alikuwa analia, na si kilio cha mazoezini, pua ilikuwa inatiririka. Cherehani akanyosha mkono na kifurushi. Yuko hatua mbili kutoka kwenye pazia langu, nikamsikia akisema kwa chini, maneno yasiyo ya kitabuni: nimekukosea nini, jamani?

Pacha akatazama sakafu.

Hapo Mlingoti alitakiwa aseme, "Karani, nisomee tena, polepole." Kasahau. Kainamisha sikio kwenye pazia, anasubiri kama kifaranga. Na mimi nilikuwa siangalii kitabu. Nilikuwa nawaangalia wale wawili. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikajisemea, mimi kwa mimi:

"Hajasema lolote, maskini. Ni mimi niliyetunga yote, kwa wivu."

Mlingoti akavuta pumzi. Akapanua kifua.

"HAJASEMA LOLOTE, MASKINI! NI MIMI NILIYETUNGA YOTE, KWA WIVU!"

Ukumbi ukashtuka. Mama mmoja akasema, "Kumbe ni yeye mwenyewe! Shetani mkubwa!" Nikapagawa. Nikanong'ona siyo hivyo, Mlingoti, jamani!

"SIYO HIVYO, MLINGOTI, JAMANI!"

Nikauma mkono wa sweta ili lisitoke jingine. Mlingoti bado kainamisha sikio, mtiifu. Ningepiga chafya angepiga.

Aliyeuokoa mchezo ni Cherehani. Kawageukia watu, kashika kiuno, akasema basi, Jemadari, kama uongo unatunga mwenyewe, karani uliniajiri wa nini? Makofi! Vicheko! Mtu akapiga mluzi.

Pacha hakucheka. Aliacha kulia, akafuta pua kwa joho, akageuza kichwa polepole mpaka kwenye pazia la kushoto. Pale penye upenyo. Tochi yangu ilikuwa inawaka chini ya kidevu changu. Alinitazama kama mtu anayesoma, neno moja moja, bila msaada.

Mwalimu akafunga pazia. Nje namsikia anapokea pongezi. Mzazi mmoja kamwambia mwisho ule ni wa kina sana, kwamba wivu hauhitaji karani. Mwalimu kasema ndiyo, tuliufikiria kwa muda mrefu.

Mtu anagonga mlango wa choo. Nimesema naumwa tumbo.

Jumamosi, 20 Septemba

Pacha kaja saa tatu asubuhi, peke yake. Kaamkia mama vizuri. Kaingia chumbani, kafunga mlango, kakaa kwenye kiti changu. Ana ile barua, na kamusi ya maktaba chini ya kwapa. Kila neno kalipigia mstari, juu yake kaandika maana kwa penseli. Kapatia yote. Hata "rafiki wa kweli". Hapo penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Kasema mambo matatu na mimi nitayaandika, ingawa yananichoma.

Kasema uongo wa njiani angeweza kuuelewa, mtu akiwa na wivu mdomo humponyoka. Lakini barua aliniletea mkononi, nikaishika, nikamtazama usoni, nikamsomea isiyokuwemo. Aliyafanya macho yangu kuwa yake.

Kasema benchi lile wanakaa watu watatu. Siku ile walinisogezea nafasi. Nani alikufukuza?

Na kasema Cherehani hajui ni nani. Anadhani Mlingoti alichanganyikiwa tu. Pacha hatamwambia, si kazi yake. Nimwambie mimi, kesho, kwa mdomo wangu. Si kwa barua, si kwa mkono wa kushoto, si kutoka nyuma ya kitu chochote. Watakuja hapa saa kumi, wote wawili. Nikisema kweli, tutaona. Nisiposema, basi.

Alisema "basi" taratibu, kama anaweka kikombe mezani. Nilimjibu kwa kichwa.

Alipotoka mama kauliza mbona Pacha hakunywa chai. Miaka tisa, hajawahi kutoka nyumba hii bila chai.

Jumapili, 21 Septemba

Saa moja. Sijalala vizuri. Nimeamua: kweli tupu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake, nimegonga ukuta. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Saa nne. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. "Cherehani, nilidanganya." Nafika "nilida" sauti inakwama. Mama kapita, kauliza nani anadai.

Saa sita. Nimefika "nilidanga". Maendeleo.

Saa nane. Sili. Nimefikiria kuugua, nikakataa. Nimefikiria kumwomba mama aseme nimetumwa, nikakataa. Mimi ni mtu mwingine. Nitasema kweli, itaniponya, Pacha atakaa, atakunywa chai. Sitaki kingine duniani.

Saa tisa. Mama karudi kutoka kwa jirani. Anasema mtaa mzima unazungumzia machozi ya mke wa Jemadari. Wanauliza mtoto yule alilia vipi vile, kama kafiwa.

Nimekaa chini.

Machozi yale yalitoka wapi? Kwangu! Bila mimi Pacha angelia kama mazoezini, kwa kitunguu. Bila mimi Cherehani angeuliza "nimekukosea nini" kwa sauti ya cherehani. Nani aliyewapa huzuni ya kweli? Kwa nini nisiseme kwamba nilifanya makusudi? Kwamba nilitunga kwa ajili ya mchezo, ili wasiigize bali waone uchungu wenyewe? Kwamba niliteseka peke yangu, gizani, juu ya debe, kwa faida yao? Barua pia: jaribio la mwisho. Mwalimu atanishuhudia, yeye mwenyewe kasema tuliufikiria kwa muda mrefu!

Na sehemu kubwa ni kweli. Nilitunga. Niliteseka. Nabadilisha sababu tu, neno moja, dogo, nani ataliona?

Cherehani atanisadiki, anasadiki kila mtu. Pacha nitaanza naye polepole. Nitasita. Nitashusha pumzi. Nitasema aa, sikutaka mjue…

Geti limelia. Saa kumi kasoro tano, wamewahi! Sauti ya Cherehani, imewaka tena, anamsimulia mama kitu. Mama anacheka. Anasema yumo chumbani wanangu, piteni tu, anaandika.

Anaandika! Mama, kwa nini umesema naandika?

Viatu kwenye korido. Jozi mbili. Hii karatasi naichana niitie ndani ya kitabu cha fizikia, hapo Pacha hafunui hata kwa fimbo. Wakiuliza nilikuwa naandika nini, nilikuwa naandika kuomba msamaha. Wanagon